Taratibu "byzantine": hili neno mnalitafsirije kwa Kiswahili cha watu?

#1 MfasiriTabata

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, Kiingereza kwenda Kiswahili na kurudi. Nafanyia nyumbani Tabata, kwenye meza ambayo mchana ni ofisi na jioni ni ya ugali. Wiki iliyopita nilipokea ripoti ya kurasa arobaini na ushee kuhusu wafanyabiashara wadogo na tabu ya kupata vibali. Ukurasa wa 9 kuna sentensi inasema wafanyabiashara wanakata tamaa kwa sababu ya "byzantine licensing procedures".

Ilikuwa saa sita usiku na umeme ulikuwa umerudi dakika chache tu. Nikaandika "taratibu za Kibizanti za utoaji leseni", nikatuma, nikalala. Asubuhi mteja ananipigia: "Kaka, hawa Wabizanti ndio akina nani? Ni wale Wagiriki wa mashamba ya mkonge?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema ripoti itasomwa mbele ya viongozi wa masoko, na hana mpango wa kusimama pale kueleza habari za Wabizanti.

Nikafungua kamusi: -tatanishi, -enye mambo mengi. Nikaweka "taratibu tatanishi". Roho haikutulia, maana "complicated" nayo ni tatanishi, "complex" ni tatanishi, "confusing" ni tatanishi. Mwandishi alikuwa na maneno yote hayo mkononi, akayaacha, akachukua jina la mji. Kuna kitu alikitaka ambacho wenzake hawana. Nataka kujua ni kitu gani, na sisi hapa Dar tunakiitaje.

#2 Chapati Mbili

"Taratibu za njoo kesho." Uzi ufungwe.

#3 Kokoto

Weka "kibongobongo" mkuu. Hicho nacho ni kivumishi cha mahali. Mtu akikwambia "kibongobongo leseni ni miezi mitatu" unahitaji maelezo gani tena?

#4 MfasiriTabata

Kokoto, wazo zuri, ila kibongobongo ni pana mno. Kinabeba na mazuri: kibongobongo mtu anakukopesha sukari na hujui jina lake. Nikiweka hicho, ripoti inageuka malalamiko juu ya nchi nzima, na mteja hajanilipa bado.

#5 Binti Upanga

Mkuu umegusa ugonjwa wangu. Nafundisha historia sekondari na hili neno kila mwaka linanitoa jasho.

Byzantion ulikuwa mji wa Wagiriki pale kwenye mlango wa bahari unaotenga Ulaya na Asia. Ulianzishwa karne ya 7 kabla ya Kristo na watu kutoka Megara. Tarehe 11 Mei 330, mfalme wa Roma Konstantino aliuzindua upya kuwa makao yake, ukaitwa Konstantinopoli. Ndio Istanbul ya leo, ambayo bibi zetu wa pwani waliijua kwa jina la Stambuli. Dola ya Roma upande wa magharibi ilianguka karne ya 5, lakini hii ya mashariki iliendelea mpaka jeshi la Waturuki la Sultani Mehmed wa Pili lilipoingia mjini tarehe 29 Mei 1453. Piga hesabu: miaka 1,123.

Sasa sikilizeni. Wenyewe hawakuiita dola yao ya Kibizanti. Walijiita Warumi, wakafa wakijiita Warumi. Jina la Byzantion lilikuwa la wasomi waliopenda kuuita mji wao kwa jina lake la kale, basi. Anayetajwa kwa kulibandika kwenye dola nzima ni Mjerumani Hieronymus Wolf, mwaka 1557, alipochapisha maandiko ya wanahistoria wao. Dola imelala kaburini miaka 104 ndipo inapewa jina! Ni kama wewe ufe ukiwa Mzee Juma, halafu wajukuu wa jirani wakuite Mzee Kigogo kwa sababu kabla hujaoa uliwahi kupanga chumba Kigogo.

Kisha wakaja wasomi wa Ulaya wa karne ya 18. Edward Gibbon, kwenye kazi yake kubwa ya kuporomoka kwa Roma iliyotoka kati ya 1776 na 1788, aliipita ile miaka elfu kama mteremko mmoja mrefu: matowashi wanapanga njama, mapadri wanabishana, ndugu wanapofuana macho. Si kwamba alitunga. Malkia Irene kweli alimpofua mwanawe wa kumzaa, Konstantino wa Sita, mwaka 797, akabaki na kiti peke yake. Lakini dola haidumu miaka 1,123 kwa kupofuana tu. Kulikuwa na kodi zinakusanywa, mahakama, hospitali, madaftari, na kanisa la Hagia Sofia lililokamilika mwaka 537 na jengo lake bado limesimama.

Kwa hiyo "byzantine" ya Kiingereza, ile ya kusema jambo limejaa kona, ina harufu ya ikulu ile kama ilivyosimuliwa na watu wasioipenda. Ndio maana neno halina wema hata kidogo. Huwezi kumsifu mtu kwa kumwambia mipango yake ni "byzantine".

#6 Ustadh Mchikichini

Assalaam alaykum. Dada Binti Upanga kasema walijiita Warumi, nami niongeze ushahidi ulio karibu zaidi na sisi. Sura ya 30 ya Qur'ani ni Ar-Rum. Inaanza kwa kusema Rum wameshindwa katika nchi ya karibu, nao baada ya kushindwa kwao watashinda katika miaka michache. Rum hao si wa Italia. Ni hawahawa wa Konstantinopoli, waliopigana na Waajemi zama za mfalme Heraklio. Tafsiri zetu za Kiswahili zinaandika "Warumi", na watoto wangu wa madrasa wote akili yao inaruka hadi kwa Papa.

Na huyo Heraklio tunaye kwenye fasihi yetu siku nyingi. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, jina lake jingine ni Chuo cha Herekali. Herekali ndiye yeye. Kwa hiyo msije mkasema watu hawa ni wageni kwa Mswahili. Mswahili aliwajua, ila aliwajua kwa jina walilojiita wenyewe.

#7 Chapati Mbili

Ustadh leo umenifunga mdomo. Nilikuja hapa na utani wangu wa njoo kesho, naondoka na Chuo cha Herekali.

#8 Kokoto

Niliwahi kuona kipindi kuhusu hawa jamaa. Walikuwa na timu za mbio za magari ya farasi, Bluu na Kijani, mji mzima umegawanyika. Mwaka 532 mashabiki wa pande zote mbili waliungana dhidi ya mfalme, wakachoma nusu ya mji, na mfalme alikuwa ameshaanza kupanga mabegi, mkewe ndiye akamzuia. Hebu fikirieni Simba na Yanga siku moja waamue kukubaliana jambo!

#9 Mzee wa Gerezani

Kokoto, hiyo haitatokea, usituchoshe.

#10 Binti Upanga

Kweli kabisa, mfalme ni Justiniani, mke ni Theodora, na maelfu walichinjwa kwenye uwanja wa mbio. Lakini turudi kwenye neno la mkuu, maana kuna kisa kinachomfaa.

Mwaka 968 askofu mmoja wa Italia, Liutprand wa Cremona, alitumwa Konstantinopoli na mfalme Otto wa Kwanza kwenda kuposa binti wa kifalme kwa ajili ya mtoto wake. Alifika mwezi Juni, akaruhusiwa kuondoka Oktoba. Karibu miezi minne! Aliporudi aliandika ripoti, na ripoti ile yote ni mtu aliyezungushwa. Nyumba waliyompa inavuja. Mvinyo umetiwa lami. Leo anaitwa karamuni, kesho anaambiwa mfalme yuko vitani, keshokutwa anafungiwa ndani na walinzi mlangoni. Siku ya kuondoka wakamnyang'anya vitambaa vya zambarau alivyonunua, eti haviruhusiwi kutoka nje ya nchi. Na posa yenyewe akanyimwa.

Utamu ni kwamba miaka 19 nyuma yake, mwaka 949, mtu huyohuyo aliwahi kwenda palepale akapokelewa vizuri, akarudi anasimulia simba wa bandia wanaounguruma na kiti cha enzi kinachopaa. Mji ni uleule na ikulu ni ileile. Safari moja ni maajabu, safari nyingine ni jehanamu. Na wa Magharibi wakaona ile ya jehanamu inawafaa zaidi.

#11 MfasiriTabata

Dada umeniamsha. Huyo askofu namjua! Ni mimi mwaka juzi nikifuatilia karatasi moja kwenye ofisi moja hapa mjini, ambayo sitaitaja. Dirisha la 3 wanakutuma la 7. La 7 wanasema muhuri wa dirisha la 3 haujakolea. Ukirudi la 3, mwenye muhuri ameenda msibani. Na wakati wote unakaa benchi moja na kijana mwenye bahasha aliyeingia baada yako na kutoka kabla yako.

Sasa naona "tatanishi" inapungukiwa nini. Hesabu za kidato cha nne ni tatanishi, lakini hakuna anayefaidika ukizikosa.

#12 Lubumbashi-Sinza

Ndugu zangu, mimi nilikulia kwenye Kifaransa kabla sijahamia huku, nawaongezea chumvi. Kwa Kifaransa "byzantin" si kona za ofisi. Ukisema mjadala ni wa Kibizanti, maana yake watu wanabishana vitu visivyo na faida, wanapasua unywele mara nne. Kisa chake ni kwamba Waturuki wakiwa wamezingira mji, wakubwa wa dini walikuwa ndani wanabishana malaika ni wa kiume au wa kike. Ni hadithi tu, lakini neno limesimama juu yake. Wahispania nao wanasema hivyohivyo.

Kwa hiyo mwangalie sana, mtu akitafsiri kutoka Kifaransa. Huko inafaa "ubishi wa yai na kuku". Mji ni mmoja, ila kila jirani kachukua kosa lake.

#13 Wakili Nusu

Mimi linaniuma kwa sababu nyingine. Ukisoma sheria, unamkuta Justiniani huyohuyo wa Kokoto. Alikuta sheria za Kirumi zimerundikana karne kwa karne, hakuna hakimu anayejua ipi iko hai. Akateua wanasheria chini ya Tribonian, na kati ya mwaka 529 na 534 wakachuja, wakafuta, wakapanga. Kazi ile ndiyo mzizi wa mfumo wa sheria wa sehemu kubwa ya Ulaya, na kupitia Wareno na Wabelgiji ikafika hadi kwa majirani zetu Msumbiji na Kongo. Sisi Mwingereza alituachia mfumo wake.

Yaani mji uliotoa sheria zilizonyooka kuliko zote za zama zake, jina lake leo Mwingereza analitumia kwa sheria zilizopinda. Kesi hii wangekuja kwangu ningeichukua bure.

Kuhusu tafsiri: "urasimu". Neno lipo, ni sanifu, tumelizoea.

#14 MfasiriTabata

Urasimu nililifikiria, wakili. Lakini kuna urasimu ulionyooka. Unapanga foleni, fomu sita, mihuri mitatu, unachoka lakini unajua uko wapi. Hiyo si "byzantine". Kwenye "byzantine" hujui uko wapi, na una wasiwasi kwamba hukutakiwa kujua.

#15 Fundi Seva

Naomba niingie na fani yangu, mtaona inahusiana.

Kwenye kompyuta tuna kitu kinaitwa tatizo la majenerali wa Bizanti. Walioliandika ni Leslie Lamport, Robert Shostak na Marshall Pease, mwaka 1982. Picha ni hii: majenerali wamezingira mji, kila mmoja na kambi yake, wanawasiliana kwa wajumbe tu. Lazima wakubaliane, washambulie wote au warudi wote. Tatizo ni kwamba miongoni mwao wamo wasaliti, na msaliti anaweza kumwambia huyu "tushambulie" na yule "turudi". Walionyesha kwamba kwa ujumbe wa mdomo mtupu, wasaliti lazima wawe chini ya theluthi. Yaani ili umudu msaliti mmoja unahitaji majenerali wanne, watatu hawatoshi.

Lamport mwenyewe amesimulia kwamba mwanzo alitaka kuwaita majenerali wa Albania, kwa sababu wakati ule Albania ilikuwa imejifungia na aliona hakuna Mualbania atakayesikia akaudhika. Mwenzake akamwambia Waalbania wapo hata nje ya Albania. Ndipo akaja na Bizanti. Hakuna balozi wa Bizanti wa kuja kulalamika!

Sasa angalieni tulivyolitumia neno kazini. Seva ikizima ghafla, hiyo ni hitilafu ya kawaida. Haisemi kitu, unaiona haipo, unaendelea. Seva inayokuambia salio ni elfu kumi na kumwambia mwenzako salio ni elfu mbili, hiyo ndiyo tunaiita hitilafu ya Kibizanti. Ugumu wake si wingi wa nyaya. Ni kwamba humo ndani kuna mmoja anadanganya na hujui ni nani.

#16 MfasiriTabata

Fundi, hapo ndipo. Kwenye lile benchi langu, dirisha la 3 na la 7 mmoja wao alikuwa anasema uongo. Mpaka leo sijui ni lipi.

#17 Mzee wa Gerezani

Vijana, nimewasoma toka juzi. Mnatafuta mbali kitu kilicho sebuleni.

Sawahil ni pwani, mwulizeni Ustadh. Mswahili ni mtu wa pwani, Kiswahili ni cha pwani, Uswahili ni hali ya pwani. Ni jina la mahali lililogeuzwa sifa, kama hilo lenu la Stambuli. Sasa mtu wa Dar akimwambia mwenzake "acha Uswahili", anamkataza nini? Kukaa ufukweni? Anamwambia aache maneno mengi, aache kuzunguka, aache ahadi za mdomoni, aache kuchimba mambo ya watu. Ni karibu yaleyale yote mnayoyaeleza hapo juu.

Na limepitia njia ileile. Mji huu ulipangwa na wakoloni kwa kanda: huku Wazungu, pale Wahindi na maduka yao, kule Waafrika. Tukabaki na uzunguni, uhindini na uswahilini. Uswahilini ilikuwa Kariakoo na Ilala, nyumba za vyumba sita, ukumbi katikati, uani wanawake wanapika pamoja. Mwenye kutoka uzunguni akipita pale aliona nini? Aliona makelele. Hakuona kwamba mgonjwa wa chumba cha nne analishwa na chumba cha kwanza. Basi akalichukua jina la mahali akalifanya jina la kosa. La ajabu ni kwamba sisi wenyewe tukalipokea, tukaanza kutukanana nalo.

Niwape na kisa. Nilifanya kazi kwenye mradi mmoja, mkubwa wetu alikuwa mgeni. Kikao kimoja mtu alisema kwa hasira "tuache Uswahili kazini". Karani wa kumbukumbu akaandika kwa Kiingereza kwamba imeamuliwa Swahili iachwe kazini. Mkubwa akasaini! Wiki nzima wapishi, madereva na walinzi walikuwa wanaongea Kiingereza cha kuokoteza kwa kuogopa barua ya onyo. Dereva wangu alikuwa ananiambia "car is go", nami naitika.

Huyo karani na wewe MfasiriTabata, kosa lenu ni moja. Mmebeba jina la mahali mkaliacha kosa nyuma.

#18 MfasiriTabata

Mzee wangu shikamoo. Nimepigwa, nimekubali.

#19 Mzee wa Gerezani

Marahaba.

#20 Mkunguni

Naheshimu uzi lakini hapo kwenye Uswahili mniache kidogo. Mimi ni wa Mafia. Bibi yangu akisema "yule Mswahili hasa", anasifu. Maana yake anajua kukaribisha, anajua kunena, hamwaibishi mgeni. Msitufanye wote tulipokea tusi. Waliolipokea ni nyie wa bara mliohamia Dar juzi mkaanza kutuita sisi majina.

#21 Mzee wa Gerezani

Mkunguni uko sahihi na mimi ni wa Gerezani toka kwa babu, kwa hiyo hilo la bara halinihusu. Neno ni lilelile, linageuka kwa kinywa kilicholitamka. Bibi yako analisema kutoka ndani.

#22 Binti Upanga

Na hata "Kibizanti" ina watu wake wa ndani. Waorthodoksi wanaimba ibada ya Kibizanti na hawaoni haya yoyote, ni fahari. Tena kwa wasiojua: kanisa hilo lilipoweka jimbo lake hapa Dar, waliliita Irinoupolis. Irini ni amani, polis ni mji. Wameuchukua mji wetu na jina lake la salama, wakalitafsiri kwa Kigiriki herufi kwa herufi. Mfasiri mwenzako huyo, MfasiriTabata, na yeye hakubeba jina la mahali. Alibeba maana.

#23 Chapati Mbili

Dar inaitwa Irinoupolis??? Kesho nikiwa Mwendokasi nimebanwa Kimara nitawaambia watu tuko Irinoupolis.

#24 Kidato Cha Sita

Samahani wakubwa, linatamkwaje? Mwalimu wetu anasema "bizantaini", kwenye video nasikia "bizantini".

#25 Binti Upanga

Yote yapo, mwanangu. Wengine wanakaza mwanzo, wengine katikati, na wapo wanaoanza na "bai". Kamusi zinayakubali. Herufi ya mwanzo je? Ukizungumzia dola, sanaa au kanisa, kubwa daima. Ukizungumzia kona za ofisi, wengi wanaandika ndogo, wengine kubwa. Kwenye insha chagua moja usibadilishe, msahihishaji hatakusumbua.

#26 MfasiriTabata

Narudi na nilichoamua, mkikataa mniambie kabla ya Ijumaa.

Nimeacha mji. Nikitafsiri habari za Justiniani nitaandika Kibizanti bila wasiwasi. Nikitafsiri habari za madirisha, Bizanti anaondoka. Nimeandika: "wafanyabiashara wanakata tamaa kwa sababu utaratibu wa leseni ni wa kuwapiga danadana".

Sababu zangu. Danadana ni ya mpira: mtu anaupiga juu, anaupokea, anaupiga tena, haufiki chini wala hauendi golini. Mwenye kupigwa danadana anatembea kutwa nzima na yuko palepale. Kisha, na hili ndilo lililoniridhisha, danadana ina mpigaji. "Tatanishi" haina mwenyewe, "ndefu" haina mwenyewe, "mizunguko mingi" inakaribia lakini barabara ya Lushoto nayo ina mizunguko mingi na haina ubaya na mtu. Ukisema danadana, kila aliye sokoni anajua upande wa pili wa dirisha kuna mguu.

#27 Kokoto

Hapo sasa! Hiyo hata mama yangu anaielewa.

#28 Wakili Nusu

Kwenye waraka rasmi? Danadana? Mh.

#29 Fundi Seva

Mimi naikubali kiasi. Lakini angalizo: danadana inafaa taratibu. Ukikuta "byzantine plot" au siasa za ndani za chama fulani, danadana haikai. Hapo ni "njama za chini kwa chini".

#30 MfasiriTabata

Kweli, Fundi. Nimeandika kwenye daftari langu. Kwa ofisi ni danadana, kwa ikulu ni fitina na njama, kwa Mfaransa ni ubishi wa yai na kuku, na kwa seva nakuachia mwenyewe.

#31 MfasiriTabata

Mrejesho, kwa walioniuliza PM.

Mteja aliipenda danadana, akacheka mpaka nikamsikia anawasomea wenzake ofisini. Ikapanda kwa bosi wake. Bosi akaikata kwa kalamu nyekundu, pembeni kaandika "lugha ya mtaani". Ripoti imetoka jana na ukurasa wa 9 unasomeka: "urasimu wa muda mrefu".

#32 Wakili Nusu

Nilisema mimi.

#33 MfasiriTabata

Ulisema, wakili. Ila "wa muda mrefu" sio wenyewe. Mwandishi hakulalamikia urefu. Nilipiga simu kueleza, nikaambiwa nipige tena mchana. Mchana nikaambiwa anayehusika na marekebisho ni mtu wa mawasiliano. Mtu wa mawasiliano kasema yeye anapokea kwa barua pepe tu, na barua pepe lazima ipitie kwa bosi.

#34 Chapati Mbili

😂😂😂 Liutprand wa Tabata.

#35 Mkunguni

Na ukurasa ni shilingi ngapi huko kwenu, mkuu? Nina cheti cha kuzaliwa cha kijana anaenda kusoma nje.

#36 MfasiriTabata

Njoo PM. Cheti ni bei ya chini, hakina vivumishi.